Papiyo Kubwa na Mayai ya Sakania

Kijana akileta moteri aliyoifungua na kuiongezea nguvu, swali lake huwa ni moja: niweke papiyo ya ngapi? Nimelisikia miaka yote niliyofanya kazi hapa Lubumbashi. Sasa nimepumzika, na bado wananifuata nalo mpaka kwenye lupango yangu, uani nyumbani. Huwa nachelewa kujibu, na wengine wanadhani ni uzee. Labda ni uzee kidogo. Lakini jibu kweli silijui mpaka nijue gari itabeba nini, itapita wapi, na mguu wa nani utakaa kwenye pedali.

Kwa ninyi ambao hamjafungua moteri bado, papiyo ni kisahani cha chuma kinachozunguka ndani ya bomba, pale hewa inapoingilia. Ukikanyaga pedali, kabo, ule waya wa pedali, inakivuta, kisahani kinalala, mupepo unaingia. Ukiachia, springi inakirudisha na mlango unafungwa. Shofere anadhani anamimina esanse, yaani petroli, kwa mguu wake, kumbe anafungua mlango wa hewa tu, na esanse inafuata nyuma. Mimi nilichelewa kulielewa hilo, na hata leo nashangaa jinsi kisahani kama kifuniko cha kopo kinavyoamuru tani za mzigo.

Nitawaeleza habari ya kamyoneti moja. Ndiyo iliyonifundisha kuhusu papiyo kuliko zote.

Ilikuwa ya Mama Kapinga, mama wa Kasai mwenye depo ya maharagi na mayai pale Kamalondo. Mayai aliyafuata Sakania, mpakani, yanapovuka kutoka Zambia, na wateja wake wengine walikuwa nyumba za matajiri wa mtaa wa Golf, ambako yai lenye ufa wanakurudishia mkononi bila salamu. Shofere wake alikuwa Mukalayi, mtu mzima mwenye familia, mtoto wa fundi wa reli, asiyesema sana. Mama hakumwita kwa jina. Alimwita "shofere", kama vile mtu anavyosema "meza".

Moteri ya kamyoneti ile ilikuwa ya esanse na imechoka. Tuliifungua garajini. Tulipanua silinda, tukaweka pistoni kubwa zaidi, tukabadilisha kame, yaani ile fimbo inayofungua valvu, tukaweka na bomba pana la moshi. Ilibaki karburateri ya zamani, yenye matundu mawili ya hewa. Mwenzangu Tresor, aliyesoma umeme wa magari shuleni na mwenye valizi yake, kisanduku cha kusoma kompyuta za magari, akasema tuitoe, tuweke injeksioni, inayopuliza esanse kwa amri ya kompyuta, na papiyo moja. Wazo lilikuwa zuri, na mpaka leo nasema lilikuwa zuri.

Sasa, papiyo ya ngapi? Katika magaraji yetu kulikuwa na desturi. Unapima tundu la kwanza la karburateri, unapima la pili, unajumlisha, unaenda kase, wanapouza vipande vya magari yaliyokufa, kutafuta papiyo yenye upana huo. Desturi hiyo nilifundishwa na bwana wangu wa kazi, marehemu Papa Mwape, naye alifundishwa na wakubwa wake, na sikuwahi kusikia mtu akiuliza imetoka wapi. Tresor akatoa kipimo chake cha chuma chenye taya mbili. Milimita thelathini na nane, na thelathini na nane. Sabini na sita. Kase tukapata moja ya sabini na tano, iliyotoka kwenye moteri kubwa ya kigeni. Tresor akaisafisha mpaka ukajiona uso ndani yake.

Tulipowasha, Mama Kapinga akakaa pembeni ya Tresor wakaenda kuijaribu kwenye lami. Alirudi anacheka.

"Tresor aligusa tu ku pedali, ikaruka," akasema. "Sasa hii njo mutoka."

Kamyoneti ikaenda Sakania na Mukalayi. Ikarudi na ute wa mayai unachuruzika chini ya mlango wa nyuma. Tukakagua springi za magurudumu, tukakaza kila kitu. Safari ya pili ikarudi vilevile. Plato za chini, zile trei za mayai, zilikuwa zimekuwa supu.

Mama Kapinga alikuja garajini akiwa amefunga kitambaa kichwani kwa namna ambayo, ukiiona, unaweka chini spana. Mukalayi alikuwa nyuma yake.

"Papa Ngoy," akaniambia mimi, bila kumtazama yeye, "unipimie hii mutoka. Kama haina bugonjwa, basi bugonjwa iko mu muguu ya shofere."

"Mama," Mukalayi akasema polepole, "niko nakanyaga sawa mutu anapita pembeni ya mutoto mwenye kulala."

"Basi ule mutoto aliamuka. Aliamuka na akavunja mayai yangu."

Wafanyakazi wakacheka. Mukalayi hakucheka.

"Jumatatu, Heritier njo atakamata volani," Mama akaendelea. Heritier alikuwa mtoto wa dada yake, kijana ambaye alikuwa hana kazi na alikuwa na permi mpya ya udereva. "Weye, funguo uache ku meza ya Papa Ngoy. Akimaliza kupima, tutajua."

Mukalayi akaweka funguo juu ya meza yangu, katikati ya bolti. Baada ya Mama kuondoka alinifuata mpaka kwenye pipa la kunawia mikono.

"Papa Ngoy, sikuombe unitetee. Naomba uangalie tu. Kama ni muguu yangu, sema ni muguu. Nitarudia kwetu nikalime. Lakini kama hapana..." Kwa umri wake, shofere aliyefukuzwa kwa kuvunja mzigo hapati kazi nyingine mjini. Tulijua wote wawili.

Mimi sikujua ukweli uko wapi. Lazima niseme pia kwamba niliwahi kumwona Mukalayi akiondoka kwa fujo mbele ya bari moja ya Kamalondo, wanawake wanamwangalia. Kwa hiyo sikuweza kuapa juu ya mguu wake. Nilichofikiri ni kwamba, kama ni mguu, mguu mwingine utatofautiana. Nikamwomba Mama aje na Heritier, tupakie plato chache za mayai nyuma, na mifuko ya maharagi ili gari iwe na uzito, twende kwenye barabara ya vumbi.

Heritier aliendesha vizuri kwenye lami, na sina sababu ya kumnyima sifa hiyo. Tulipoingia kwenye mashimo, mambo yakabadilika. Gari ilishuka kwenye shimo, mguu wake ukasukumwa kidogo juu ya pedali, kidogo tu, na kamyoneti ikaruka mbele. Kuruka kule kukamtupa nyuma, mguu ukaachia, gari ikainama pua. Kuinama kukamrudisha mbele, mguu ukaangukia pedali tena. Ikawa tunacheza.

"Heritier, polepole," Mama akasema.

"Tanti, niko polepole. Ni yenyewe."

"Yenyewe iko na muguu?"

Tulipofungua nyuma, mayai yalikuwa yamevunjika. Mukalayi alisimama mbali, mikono nyuma. Mama akayatazama mayai, akamtazama mtoto wa dada yake, akamtazama shofere.

"Basi, bote babili habajue kuendesha," akasema.

Nilitaka kucheka, lakini alikuwa na haki. Mashoferi wawili wabaya wanaweza kupatikana siku moja. Nikamwambia, kwa heshima, "Mama, kamata volani weye."

Alikuwa anaendesha gari yake ndogo kila siku, na kwa uangalifu kuliko sisi wote. Akapanda, akavua viatu. Kamyoneti ilimtupa mara mbili kabla hajafika kwenye mti wa kwanza. Akashuka, akavaa viatu bila haraka.

"Hata miye," akasema. Kisha akaongeza: "Lakini ile mara ya kwanza, ku lami, ilikuwa tamu."

Neno hilo lilinikaa kichwani. Kwa nini kitu kitamu kwenye lami kinakuwa kichungu kwenye vumbi? Tresor akaunganisha valizi yake. Hakuna kosa hata moja. Akasema papiyo iko sawa, tuliipima. Nami nikasema ndiyo, tuliipima, tulijumlisha. Tulikuwa tunaitetea desturi, hatukuwa tunaitazama.

Tuliporudi depo kuteremsha maharagi, mfuko mmoja ulikuwa umechanika njiani. Wanawake wa Mama Kapinga wakayamwaga sakafuni ili kutoa mawe, wakayatandaza kwa viganja kwa duara, kama wanavyofanya siku zote. Duara lilikuwa dogo. Mmoja wao akalisukuma ukingo upana wa kiganja tu pande zote, ili maharagi yakae safu moja, na nikaona anaomba ndoo nyingine, kisha nyingine. Kiganja kimoja tu cha ukingo kilikuwa kinameza ndoo nzima.

Nikaomba chaki na kamba. Sikujua nitaona nini, msidhani nilijua. Nilichora duara mbili ndogo kwenye sementi, kwa kamba ya urefu uleule, ndizo matundu mawili ya karburateri. Kisha nikaikunjua kamba iwe na urefu mara mbili, nikachora duara moja kubwa, upana wake sawa na zile mbili zikipangwa ubavu kwa ubavu. Hiyo ndiyo papiyo yetu.

"Mama," nikasema, "ujaze hizi ndogo, safu moja, bila kuacha nafasi. Kisha umwage zote mu hii kubwa."

"Zitajaa," Tresor akasema. "Mbili ndogo, moja kubwa. Ni hesabu."

"Tuone."

Mama Kapinga alipiga magoti mwenyewe. Hakuna mtu pale aliyejua kutandaza maharagi kama yeye. Akajaza duara la kwanza, akajaza la pili, akayakokota yote ndani ya duara kubwa, akayalaza safu moja kwa viganja viwili. Yakaishia nusu. Akayarudia, akayapunguza, akayasogeza. Nusu. Upande mmoja maharagi, upande mwingine sementi tupu.

Wote tukainama kuitazama sementi.

"Munanipa mulango mara mbili," Mama akasema.

Tresor akakuna kichwa. "Papa Ngoy, nilisoma hii ku shule. Eneo ya duara. Niliisoma kabisa." Alikuwa hajakasirika. Alikuwa anacheka taratibu, na nilimpenda kwa hilo. Aliisoma, mimi sikuisoma, na wote wawili tuliifuata desturi tu. Labda hata Papa Mwape angecheka.

Sasa angalieni jambo hili, vijana, kwa maana hapa ndipo wengi wanapotea. Mlango wa mara mbili haukuipa moteri nguvu mara mbili. Moteri ina mapafu ya kiasi chake. Mlango ukishatosha, hata ukiupanua kama wa kanisa, hakuna hewa zaidi itakayovutwa. Kinachobadilika ni mwanzo wa pedali. Kwa papiyo kubwa, ukikanyaga kidogo umefungua sana, na mwili unasikia kurushwa, unasema "nguvu". Ndiyo utamu wa Mama kwenye lami. Ukifika mwisho wa pedali, hakuna cha ziada. Na kwenye mashimo, na mzigo, huhitaji mwisho wa pedali hata kidogo. Unahitaji mwanzo wake, ule upana wa unyayo unaotetemeka. Papiyo kubwa imeubana mwanzo wote mahali padogo kama ukucha, na hapo hata malaika hataendesha mayai.

Lakini haikumaanisha turudi nyuma kabisa. Tulichora duara jingine na kulipanua mpaka maharagi yakatosha hasa, na Tresor akakokotoa: ingekuwa milimita hamsini na nne hivi. Hiyo ni kwa moteri ya zamani. Tresor akasema, na alisema kweli, kwamba tumeongeza silinda na kame, kwa hiyo mapafu yamekua na mlango lazima ukue nao. Kase tukapata moja ya sitini. Je, ndiyo sahihi? Hapo hatukubishana, tulipima.

Kipimo hicho alinionyesha Papa Mwape zamani, wakati tulipokuwa tunashughulikia malori yaliyotoka Dar es Salaam na kufika huku yakihema, mashoferi wakisema mafuta yetu ni mabaya. Lakini mji wetu uko juu na hewa yake ni nyepesi. Unachukua mpira mwembamba unaoonekana ndani, kama ule wa serumu, dripu ya hospitali, unaukunja kama herufi U juu ya ubao, unatia maji yenye rangi. Ncha moja unaiunganisha kwenye kolekteri, mabomba yanayogawia silinda hewa, baada ya papiyo, ncha nyingine unaiacha wazi. Unapanda mlima na mzigo, pedali chini kabisa. Kama papiyo ni ndogo, moteri inanyonya kwa nguvu kupita mlango, na maji yanapanda upande mmoja. Kama mlango unatosha, maji yanakaa karibu sawa pande mbili.

Ila usikilize vizuri. Mpira lazima mtu aubane kwa vidole muda wote, aufungue tu pedali ikiwa chini kabisa, na aubane tena kabla mguu haujaachia. Kwa maana ukiachia pedali, mlango unafungwa na moteri inanyonya kama mwendawazimu. Papa Mwape mwenyewe alikuwa ameushika mpira siku moja, akapiga chafya. Maji yote mekundu yakaingia ndani, moshi mweupe ukatoka nyuma, gari ikakohoa katikati ya mlima. Papa Mwape akaangalia ubao wake mtupu.

"Imekunywa," akasema. "Sasa tungoje iombe chakula."

Tuliipandisha kamyoneti ya Mama Kapinga mlima mara kadhaa, Mukalayi kwenye volani, mimi na mpira. Kwa karburateri ya zamani, tuliyoirudisha kwanza ili kulinganisha, maji yalipanda zaidi ya shubiri mbili. Ilikuwa inabanwa, Tresor hakukosea kuitoa. Kwa ile ya sabini na tano, maji hayakusogea. Kwa ya sitini, yalisogea vidole vitatu. Na kupanda mlima, saa haikuonyesha tofauti kati ya sitini na sabini na tano. Hilo nililirudia kwa sababu sikuliamini.

Tukaifunga ya sitini. Kazi yake pia ina mambo madogo ambayo naomba msiyadharau. Kati ya papiyo na kolekteri tulichonga kipande cha alumini, na ndani tulikilainisha kwa tupa kiwe kama faneli, kisiwe na ngazi, kwa maana hewa ikigonga ngazi inajikunja. Vile visi viwili, skrubu zinazoshika kisahani, pondaponda ncha zake kwa nyuma zisifunguke, kwa sababu kimoja kikilegea kitaanguka ndani ya silinda. Vuta kabo kwa mkono moteri ikiwa baridi na ikiwa moto, uone kisahani kinarudi chenyewe. Kisha kompyuta ifundishwe upya jinsi moteri inavyopumua ikiwa imesimama, na kazi hiyo Tresor aliifanya vizuri kuliko ambavyo ningeweza mimi.

Mukalayi akaenda Sakania. Mama Kapinga alimpeleka yeye, si Heritier, ila alimwambia Heritier aende pembeni yake akaangalie. Hakueleza sababu. Siku waliyotarajiwa nilipita depo, nikijisemea kwamba nafuata maharagi ya nyumbani, ingawa mke wangu alikuwa nayo ya kutosha.

Kamyoneti ikaingia taratibu. Mama akafungua nyuma mwenyewe. Akainua plato ya juu, akainua ya katikati, akapiga magoti akachungulia zile za chini. Alipata mayai machache yenye ufa, kama ambavyo safari yoyote ya Sakania hukupa. Wanawake wake wakaanza kuteremsha, na kelele za kawaida za depo zikarudi.

Mukalayi akamfuata, akamnyooshea funguo.

"Za nini?" Mama akauliza.

"Ulisema niache funguo, Mama."

"Si umetoka Sakania na mutoka yangu?"

"Nilitumwa. Nimerudia. Lakini kule garaji, mbele ya batu, ulisema niache funguo. Sijasikia tena umesema nikamate."

Wanawake wakaacha kuteremsha. Heritier akatazama viatu vyake. Mimi nikajishughulisha na mfuko wa maharagi ambao sikuwa nauhitaji. Niliogopa, nawaambia kweli, kwa sababu Mama Kapinga hakuwa mtu wa kusema alikosea, na Mukalayi alikuwa amesimama kama mtu aliyekwisha kufunga mizigo yake.

Mama alichukua funguo. Akazifuta kwa ukingo wa kitenge chake, moja moja, kama vile zilikuwa na ute wa yai, na hazikuwa nao. Kisha akamnyooshea mbele ya wote, kwa mikono miwili.

"Papa Mukalayi," akasema. "Kamata."